Bordeaux: Divai, Sukari na Mwanamke Aitwaye Al Pouessi

Msafiri mwenye siku mbili tu nchini Ufaransa hushauriwa apande treni ya kasi jijini Paris, na baada ya saa mbili na dakika chache hushukia Bordeaux. Ndivyo nilivyofanya, na sitajifanya kwamba sikufurahia. Asubuhi nilikula chaza wa ghuba ya Arcachon katika soko la Capucins. Alasiri nilifuata ukingo wa mto Garonne hadi Place de la Bourse, ambako tangu 2006 kuna sakafu pana ya mawe iliyofunikwa maji membamba, na majengo ya kale hujitazama humo kama kiooni. Divai siinywi, jambo lililowasikitisha sana wenyeji wangu.

Historia ambayo mgeni husimuliwa huanza na divai hiyo. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye, na kwa karne tatu mapipa ya Bordeaux yakawa yakivuka bahari kwenda kwa Waingereza. Simulizi hilo ni la kweli. Lakini mawe tunayoyapiga picha ni ya karne ya 18, na fahari ya karne hiyo haikujengwa kwa zabibu peke yake. Meli ziliondoka na divai na unga kwenda Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, zikarudi na sukari, kahawa na nili iliyozalishwa na watumwa. Wengi wa wafanyabiashara hao hawakuhitaji hata kumwona mtumwa; walinunua jasho lake likiwa limekwisha kuwa sukari. Wengine walikwenda kumchukua wenyewe: safari zisizopungua 400 za meli za watumwa zilifadhiliwa Bordeaux, zikabeba Waafrika zaidi ya 100,000.

Jiji lilichelewa kulisema hili. Jumba la makumbusho la Aquitaine lilifungua vyumba vya kudumu juu ya biashara hiyo mwaka 2009, miaka miwili baada ya UNESCO kulitambua jiji kuwa urithi wa dunia. Tarehe 10 Mei 2019 ikazinduliwa gatini sanamu ya mwanamke, kazi ya msanii wa Haiti, Filipo.

Mbele ya sanamu hiyo nilisimama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwanamke huyo, Al Pouessi, alizaliwa Afrika Mashariki yapata mwaka 1765. Alitekwa, akanunuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux, akabatizwa Modeste Testas, akapelekwa kwenye mashamba yao ya miwa Saint-Domingue. Aliachwa huru mwaka 1795, akafariki mwaka 1870 akiwa na umri wa miaka 105. Mjukuu wake, François Denys Légitime, alikuja kuwa rais wa Haiti.

Nilipiga hesabu palepale. Alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja hivi mwaka 1776, Mfaransa Morice alipofunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Simhusishi binti huyo na mkataba huo. Ila mkataba ulikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulikuwa wetu.

Kwa hiyo nilirudi hotelini nikiwa na *canelé* mbili mfukoni, vikeki vyenye ramu na vanila, na lawama zangu kwa Bordeaux zikiwa zimepungua makali. Miaka kadhaa kabla ya hapo niliwapeleka wanafunzi wangu Kilwa Kisiwani, ambako nako ni urithi wa dunia, tangu 1981. Tulielezwa kwa ufasaha habari za Husuni Kubwa, za msikiti mkuu na za dhahabu ya Sofala. Mkataba wa 1776 niliutaja mimi, tukiwa tumekwisha kupanda mashua ya kurudi.