Jeni ya MTHFR na kiwango cha foleti katika damu

Foleti ni vitamini B9. Hupatikana kwenye maharage, mchicha, maini na machungwa, na mwili huihitaji kila seli zinapogawanyika, hasa katika kutengeneza chembe nyekundu za damu na katika ukuaji wa mimba changa. Ile ya kiwandani, inayowekwa kwenye vidonge na kwenye unga ulioongezwa virutubishi, huitwa asidi ya foliki.

Watu wawili wanaweza kula chakula kile kile kwa miezi, kisha wakipimwa, damu ya mmoja ikakutwa na foleti kidogo kuliko ya mwenzake. Sehemu ya sababu imo katika vinasaba.

Jeni inayotajwa zaidi ni MTHFR. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza foleti iwe katika umbo linalosafiri kwenye damu. Umbo hilo, likisaidiwa na vitamini B12, huigeuza homosisteini kuwa methionini, ambayo mwili huitumia kujenga protini. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba. Mwaka 1995 watafiti walieleza badiliko liitwalo C677T: herufi moja tu ya DNA, C, imekuwa T. Mwenye T moja hubaki na takriban asilimia 65 ya nguvu ya kimeng'enya; mwenye mbili, yaani TT, kama asilimia 30.

Asilimia 30 inatisha masikioni, lakini kwenye damu tofauti ni ndogo. Wakila kiasi sawa cha asidi ya foliki, wenye TT huwa na foleti pungufu kwa takriban asilimia 16 tu kuliko wasio na badiliko hilo. Anachokula mtu kina uzito kuliko jeni yake. Isitoshe, TT ni ya kawaida Mexico na kusini mwa Italia, ila ni adimu Afrika kusini mwa Sahara. Kwetu, mlo duni au ugonjwa wa selimundu, unaoongeza mahitaji ya foleti, ni mambo ya kuangaliwa kwanza.

Hatari kubwa iko kwenye ujauzito. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa 1991 ulihusu wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hiyo: miligramu 4 za asidi ya foliki kwa siku zilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72. C677T ilikuwa bado haijaelezwa, hivyo hakuna aliyechaguliwa kwa jeni hiyo.

Kwa hiyo matangazo ya mtandaoni yanayouza vipimo vya MTHFR na foleti "maalumu" ya bei kubwa yanastahili kutiliwa shaka. Wenye TT pia huweza kutumia asidi ya foliki ya kawaida, na ndiyo pekee iliyothibitishwa kuzuia mgongo wazi. Kipimo kinachoshauriwa kwa wanawake wengi ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia wanapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Vidonge vya miligramu 5 ni suala la daktari, kwani hudhoofisha SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria.