Mama Redio na Kanda Zetu: Historia ya Kwaya Iliyojifunza Kujisikiliza



Kamati ya Yubile ilipotuomba tuandike historia ya kwaya yetu, tulianza kwa kutafuta madaftari. Tukapata daftari la michango lililoliwa na mchwa, orodha ya waliolipia sare, na barua mbili za kuomba kusafiri. Ndani yake hamkuwa na wimbo hata mmoja. Hapo tukakumbuka sanduku la bati lililo nyuma ya kabati la sakristia. Tulipolifungua tukakuta kanda 41 za kaseti, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino, nyingine hazina jina. Historia yetu ilikuwa humo. Kwa hiyo makala haya yanahusu redio ya kaseti iliyonasa sauti zetu, na watu walioiendesha.

Mwaka wa 1963

Mwaka wa 1963 mambo matatu yalitokea, kila moja mahali pake. Mwishoni mwa Agosti, kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin, kampuni ya Philips ilionyesha kinasa sauti kidogo kilichotumia kanda ndani ya kasha la plastiki. Mhandisi wake, Lou Ottens wa Uholanzi, alikuwa amechonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kuingia mfuko wa koti lake, akawaambia wenzake kifaa kisizidi hapo. Tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati kuhusu liturujia, iliyofungua mlango wa lugha za watu na muziki wao katika Misa. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru.

Waliokuwa Berlin hawakufikiria Nakuru. Lakini mambo hayo matatu yalikuja kukutana katika kanisa letu: Wakenya huru, wakiimba Misa kwa Kiswahili kwa ngoma na kayamba, mbele ya kisanduku kinachonasa.

Kabla ya hapo kulikuwa na mashine za magurudumu makubwa ya utepe. Zilikuwa nzito, nyingi zilitaka umeme, na utepe ulipitishwa kwa mkono. Hizo zilikuwa za vituo vya redio na wachache wenye uwezo. Philips iliporuhusu makampuni mengine kutengeneza kaseti za aina yake bila malipo, vifaa vilienea duniani na bei ikashuka, hata kwaya ya kawaida ikaweza kuchanga ikanunua.

Redio inakuja

Jimbo la Nakuru liliundwa mwaka wa 1968, na kuanzia 1971 hadi 1996 liliongozwa na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Kwaya yetu ni mtoto wa miaka hiyo. Waanzilishi walikuwa wafanyakazi wa reli, walimu, wauguzi, wauza mboga, na watu waliokuja na mabasi kutoka Njoro, Bahati na Subukia. Wengi hawakusoma nota. Mwalimu wa kwaya aliimba mstari, nasi tukaurudia hadi ukakaa.

Redio ya kaseti ilinunuliwa kwa michango, tena ikiwa imekwisha kutumika. Mwenyewe alikuwa mwalimu aliyehamishwa, hakutaka kusafiri nayo. Ilikula betri 6 kubwa, au mawe, kama tulivyoyaita. Kwa hilo tulikaa mahali pazuri, kwa maana kiwanda cha betri cha Eveready kilianzishwa hapa Nakuru mwaka wa 1967 na kiliajiri watu wa mji huu mpaka kilipofungwa mwaka wa 2014. Hata hivyo mawe yaligharimu. Yalipochoka tuliyaanika juani juu ya ukuta wa kanisa, yakapata nguvu ya wimbo mmoja zaidi.

Kazi ya Mama Redio

Tulimwita Mama Redio. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, tena mmoja wa wazuri, lakini siku za kurekodi hakuimba. Maikrofoni ilikuwa ndani ya redio yenyewe, na aliyekaa karibu nayo angeifunika kwaya nzima. Basi alikaa kimya, mkono juu ya vitufe.

Wengine walidhani kazi yake ni kubonyeza tu, kumbe ilikuwa na mambo mengi. Kitufe chekundu kilibonyezwa pamoja na kile cha kucheza. Ukibonyeza kimoja peke yake hupati kitu. Tena kanda huanza na kipande cha plastiki tupu kisichoshika sauti, na kwaya ikianza mapema maneno ya kwanza yanapotea. Mama Redio alihesabu hadi kumi kwa vidole, akamwangalia mwalimu, akasema "Haya." Ndipo tulipoanza.

Utepe wenyewe haufiki upana wa milimita 4, nao hupita kwa mwendo wa chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde. Umepakwa unga laini wa chuma. Kichwa cha redio ni sumaku ndogo ya umeme, na sauti ikiingia, sumaku hiyo huupanga unga jinsi sauti ilivyo. Kabla ya kufika hapo, utepe hupita kwenye kichwa kingine kinachofuta kilichokuwapo. Wakati huo hatukujua maana ya jambo hilo la pili, na tulilipia.

Mama Redio alijifunza pia tabia ya kisanduku chake. Redio kama ile hujirekebisha yenyewe: sauti ikiwa ndogo inajikaza kusikia, ikiwa kubwa inajipunguza. Ngoma ilipopigwa karibu nayo, kwaya yote ilizama kwa nukta moja, kisha ikarudi. Akaomba ngoma ikae nyuma kabisa, mlangoni. Sauti ya kwanza aliisogeza nyuma, ya nne akaileta mbele. Redio aliiweka juu ya kiti kilichotandikwa leso iliyokunjwa, ili mtikisiko wa sakafu usiingie. Mvua ilipoanza kupiga mabati, alizima bila kumwuliza mtu.

Mawe yakilegea wakati wa kurekodi, injini huzunguka polepole. Ukicheza kanda hiyo baadaye kwa mawe mapya, watu wazima huimba mbio kama watoto wa nasari. Tunayo kanda moja ya namna hiyo. Ni Misa ya Pasaka, na hakuna anayeweza kuisikiliza bila kucheka.

Adui mwingine alikuwa vumbi. Wenyeji wa Nakuru tunalijua, hasa upepo wa Januari na Februari unaposhuka kutoka Menengai. Vumbi liligandamana kwenye kigurudumu cha mpira, na redio ikala kanda. Mama Redio alisafisha kwa pamba na spiriti kila mwisho wa mwezi, na utepe ulioliwa aliurudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic katika tundu la kasha.

Siku tuliyojisikia

Wazee wetu wanasema siku ya kwanza kusikiliza kanda yetu kila mtu alinyamaza. Tulikuwa tukijiona kwaya nzuri. Kanda ilionyesha kwamba sauti ya tatu inashuka kila beti, kwamba tunameza mwisho wa maneno, na kwamba mmoja wetu, ambaye leo ni babu wa wajukuu saba, anaanza kabla ya wote. Mwalimu alikuwa ametwambia hayo miezi mingi bila kuaminiwa. Kanda haikubishiwa. Tangu siku hiyo mazoezi ya Alhamisi yalimalizika kwa kujisikiliza, na tunaweza kusema kweli kwamba kwaya yetu ilizaliwa mara ya pili hapo.

Redio ilitufungulia pia nyimbo za mbali. Kanda za kwaya za Tanzania zilivuka mpaka ndani ya mifuko ya wasafiri, na miongoni mwa zilizosikika sana Kenya ni za Ulyankulu Barabara na AIC Chang'ombe. Hatukuuliza ni za dhehebu gani. Tulicheza mstari, tukasimamisha, tukarudisha nyuma, kila sauti ikitafuta njia yake. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua majuma matatu. Tukishaupata, Mama Redio alirekodi kila sauti peke yake, na kanda ikapelekwa na utingo wa matatu kwa wenzetu wa makanisa madogo waliokosa nauli ya kuja mazoezini.

Kanda tuliyoifuta

Hatutaficha kosa letu. Kanda ya Krismasi yetu ya kwanza haipo. Mmoja wetu alitaka kurekodi hotuba za harambee, akachukua kanda iliyokuwa karibu, akabonyeza vitufe viwili. Hotuba zilichukua dakika 40. Sauti za watu 23, wakiwemo wanne ambao hawajarekodiwa tena popote, zikafutika bila kelele yoyote.

Mama Redio hakugomba. Alichukua kisu akavunja vile vijino viwili vilivyo mgongoni mwa kila kanda iliyosalia, maana vikivunjwa redio hukataa kurekodi juu yake. Kanda zote za sanduku la bati zina alama ya kisu hicho. Aliyefuta yuko miongoni mwetu bado, na ametuomba tuandike jambo hili.

Sauti za waliotawanyika

Miaka miwili imeandikwa ndani ya kwaya hii kwa uchungu, 1992 na 2008. Katika mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walifukuzwa Molo, Olenguruone na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na Askofu Ndingi alisimama hadharani kuwatetea. Mwishoni mwa Januari 2008 moto ulifika mjini Nakuru kwenyewe, na uwanja wa maonyesho ukawa kambi ya waliopoteza makao. Wenzetu wengine walilala huko. Wengine waliondoka bila kuaga, na viti vyao vikabaki wazi kwenye sauti zote nne. Jumapili kadhaa tuliimba tukitazama chini.

Baada ya miaka, mzee wa sauti ya nne alitutembelea kutoka kaunti nyingine alikohamia. Alileta kanda ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumba yake iliteketea, na alichokuwa nacho mfukoni siku ile ni kitambulisho na kanda hiyo. Tuliicheza ofisini. Ilikuwa Jumapili ya kawaida tu, wala si sikukuu. Tulijaribu kumtambua kila mwimbaji. Tuliwajua kwa sauti: huyu ni fulani, yule ni marehemu fulani. Lakini kwa kusikia peke yake, hakuna aliyeweza kusema nani katika hao ni wa kabila gani. Mzee akasema, "Ndiyo maana niliibeba." Hatukuongeza neno.

Kazi iliyobaki

Leo kila mmoja wetu ana simu inayorekodi, na wimbo hufika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya Misa kuisha. Tunashukuru. Lakini simu hupotea na picha hufutwa ili kupata nafasi, na hakuna tena mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutunza. Kanda nazo zinazeeka. Unga wake unabanduka, na zile za zamani zaidi zimeanza kufifia.

Kwa hiyo zawadi tuliyojipa katika Yubile hii ni kuzihamisha kanda zote 41 kwenye kompyuta. Njia ni rahisi lakini ya uvumilivu: waya hutoka kwenye tundu la spika za masikioni hadi kompyuta, na kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60. Vijana wa kwaya wamefikia kanda ya 17. Tunawaomba ninyi nyote mtafute majumbani. Mkipata kanda, msiijaribu kwenye redio iliyokaa miaka bila kusafishwa, na msiiache juani wala karibu na spika kubwa, kwa sababu spika ina sumaku. Ileteni ofisi ya parokia kama ilivyo, hata kama haina jina.

Mama Redio alitutoka kabla ya kuiona Yubile hii. Familia yake ilipokuja kuomba kanda yenye sauti yake, tuliona aibu, kwa kuwa katika nyimbo zote za sanduku lile hayumo hata mmoja. Vijana ndio waliotukumbusha kusikiliza mwanzo. Katika kila kanda, kabla ya wimbo, kuna kimya kidogo, kikohozi cha mtu, kisha sauti ya mwanamke inasema, "Haya."

Wameziunganisha zote pamoja, na familia imepewa nakala yake. Jumapili ya Yubile, kabla ya wimbo wa kuingia, tutamsikia tena. Akishasema, tuanze.