Ukuaji wa fikra kwa mtoto mdogo

Fikra za mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni uwezo wake wa kuhusisha sababu na matokeo, kulinganisha vitu na kutatua tatizo, hata kabla hajaweza kulieleza kwa maneno.

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980) aliwachunguza watoto wake watatu. Binti yake Lucienne, akiwa na miezi 16, alishindwa kutoa mkufu ndani ya kiberiti kilichoachwa wazi kidogo. Akatulia, akafumbua na kufumba mdomo, kila mara akiupanua zaidi, kana kwamba anaigiza upenyo wa kiberiti unavyopanuka. Kisha akatia kidole kwenye upenyo, akakifungua kiberiti na kuutwaa mkufu.

Mwaka 1997, watafiti Betty Repacholi na Alison Gopnik walionyesha kuwa mtoto wa miezi 18 humpa mtu mzima brokoli akiona anaipenda, ingawa yeye mwenyewe hupendelea biskuti. Wa miezi 14 humpa biskuti.

Uwezo huu wa kufikiri huchochewa bila vifaa vya gharama. Mtoto hupewa masufuria ayatafutie vifuniko vyake, hufichiwa kijiko chini ya kikombe, huulizwa maji yamekwenda wapi, kisha huachiwa muda wa kufikiri kabla mzazi hajamjibu.