Tairi, mchanga na namba moja tunayoisahau

Kimya changu kilikuwa kirefu, kazi zilinibana. Leo programu nazitia kando, tuzungumze habari ya tairi. Usicheke, utaona inatuhusu.

Likizo iliyopita nilikwenda kwetu Lamu. Mji wa Amu ni wa vichochoro na punda, kwa hiyo ukija kwa barabara gari unaliacha Mokowe, bara, kisha unavuka kwa boti. Pale gatini nikamkuta mjomba ameinamia tairi ya mbele ya Land Cruiser yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu wewe uliyesoma, niambie hii ina nini."

Nikatazama. Kingo zote mbili zimeota kipara, katikati meno bado mazima. Akaniambia mwenzake wa tairi hiyo alipasuka karibu na Witu, garini mkiwa na abiria saba. Gari lilivuka upande wa pili, likasimama majanini. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Yeye alilaumu tairi za siku hizi.

Nilipoanza kusoma, nikakuta kisa hiki kina historia ndefu.

Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1888 akaja John Boyd Dunlop, naye alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast, akimtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu isiyomtikisa. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin wakaziingiza tairi za hewa kwenye mashindano ya magari ya Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Hao wote walikuwa na shida ya kutikisika. Aliyekuwa na shida ya mchanga ni Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyevuka jangwa la Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930. Yeye na wenzake walizoea kupunguza upepo wa tairi ili gari lipite juu ya mchanga bila kuzama. Ujuzi huo aliupeleka vitani mwaka 1940 alipounda kikosi cha kupenya jangwani, na mwaka 1941 akachapisha kitabu cha fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo.

Kwa nini inafaa? Mtazame punda wetu, ana kwato ndogo ngumu. Halafu mtazame ngamia, unyayo wake unatanuka. Hesabu yake ni nyepesi: tairi ikibeba kilo 500 kwa psi 35, inagusa ardhi kwa sentimita za mraba 200 hivi. Ishushe hadi psi 18, inagusa karibu 400. Uzito ni uleule, ila umetandazwa.

Mwaka 1942 Wamarekani wakatoa lori liitwalo DUKW, la nchi kavu na majini. Dereva wake aliweza kupunguza upepo akitoka baharini kwenye mchanga, kisha akaujaza tena akifika barabara ngumu, huku amekaa kitini. Yaani waliomuunda walijua kwamba kupunguza ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kurudisha.

Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyompita mjomba. Kwa miaka mingi barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe ilikuwa vumbi, matope na mchanga, na gari lilikwenda polepole. Upepo mdogo haukumdhuru sana. Lami ilipofika, mwendo ukapanda, lakini akitoka njia za mchanga za kaskazini alipanda lami na upepo uleule. Tairi laini hukanyagia mabega, ndiyo maana kingo zinaisha. Ubavu wake hujikunja kila mzunguko, mpira unapata joto, tabaka za ndani zinaachana, halafu inapasuka. (Ukijaza kupita kiasi, kipara huota katikati. Kikiota ukingo mmoja tu, kapime alaimenti.)

Wakubwa nao walijifunza kwa machungu. Agosti 2000 Firestone ilitangaza kuzirudisha tairi milioni 6.5, nyingi za Ford Explorer, baada ya ajali zilizoua watu. Upepo mdogo ulikuwa moja ya mambo yaliyobishaniwa. Novemba mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria iliyoleta taa ya kuonya: kuanzia Septemba 2007 magari mapya madogo yote yalitakiwa kuwa nayo, iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Kwa psi 35, hiyo ni kama 26.

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu. Unabadilisha namba moja ili mfumo ufanye kazi mahali fulani, unaufurahia, kisha unauhamishia mahali pengine na namba ileile. Na taa ya onyo? Anayeendesha mchangani kila wiki ameshazoea kuiona ikiwaka.

Nikamnunulia mjomba kipimo cha mkono na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Siku hizi akifika lami husimama, hupima, hujaza, abiria wakinung'unika. Nilipompigia juzi akasema tairi zinaisha sawasawa.

Haya, nawe kapime zako asubuhi zikiwa baridi. Namba sahihi imeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tukutane tena, inshallah.