Toledo, Mji wa Feleji

Mimi Hispania sijapata kufika. Toledo nimeijua vitabuni tu, lakini mji huu umenikalia kichwani kama deni, na leo nataka nilipe.

Uko juu ya kilima cha mawe, na mto Tajo umeuzunguka pande tatu. Adui wa nchi kavu alikuwa na upande mmoja tu wa kuujia, wa kaskazini. Hata hivyo walikuja. Warumi waliuteka karne ya 2 kabla ya Kristo. Wavisigothi wakaufanya makao yao makuu karne ya 6. Waislamu wakaingia baada ya vita vya 711, wakautawala hadi 1085, Mfalme Alfonso wa Sita wa Kastilia alipouchukua. Mabwana wanne hao! Na kila bwana alihitaji upanga, basi mhunzi hakukosa kazi.

Panga za Toledo zilisifika Ulaya nzima. Wengine walisema eti siri ni maji ya Tajo. Lakini hebu tazama ufundi wenyewe. Mhunzi alitia chuma laini katikati, akakivika feleji ngumu, akaviunga motoni kwa nyundo, kisha akauzamisha upanga wa moto majini. Upanga mgumu mtupu huvunjika. Laini mtupu hupinda. Wake ulikata na haukuvunjika.

Mji nao ulikuwa hivyo hivyo, wa vitu viwili na zaidi vilivyoungwa. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alitoka Italia kuja kutafuta kitabu cha nyota cha Ptolemaio, ambacho huko kilisomwa kwa Kiarabu. Kwa msaada wa wenyeji waliokijua Kiarabu akakitia katika Kilatini, mwaka 1175. Wayahudi nao walifanya kazi hiyo ya kufasiri. Hata azúcar ya Wahispania na sukari yetu sisi ni neno moja, limetoka Kiarabu. Na kwa sukari na lozi Toledo hufanya marzipani hadi leo.

Kumbe kuungua kwa pamoja ni rahisi kuliko kukaa pamoja. Mwaka 1492 Wayahudi waliamriwa wabatizwe au wahame. Sinagogi yao ya kale ilikwisha geuzwa kanisa, Santa María la Blanca. Mwaka 1561 Felipe wa Pili akahamishia ikulu Madrid, na wateja wenye fedha wakamfuata. Ufundi ukadhoofu hata Carlos wa Tatu, mwaka 1761, akaamuru kianzishwe kiwanda cha kifalme kuwakusanya wahunzi. Nacho kilifungwa 1996. Leo majengo yake ni ya chuo kikuu.

Wamebaki mafundi wachache. Wengine hufanya kazi ya damaskino: fundi hukwaruza chuma kwa patasi, hugongea uzi mwembamba wa dhahabu, kisha hukifanya chuma kiwe cheusi ili dhahabu ing'are. Jina lake linatoka Dameski. Dukani, kando ya kazi hiyo, kuna ya mashine, bei chee, na mgeni mwenye haraka haoni tofauti.

Majeshi manne hayakuumaliza ufundi huu. Ninachoogopa ni kiti kitupu kando ya fundi mzee, pale ambapo mwanafunzi angekaa.