Matoke, Maziwa na Mafuta ya Mgao

Katika miaka ya 1950, madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walikuwa na fumbo ambalo wenzao wa London wangelitamani. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, uliokuwa ukiwamaliza wanaume wa Ulaya na Marekani wakiwa bado kazini, wao hawakuuona kwa Waafrika waliokuja kutibiwa. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda, alikuwa ametibu na kufundisha katika eneo hili kwa zaidi ya robo karne alipoandika na mwenzake, mwaka 1956, taarifa ya Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa huo. Mgonjwa mmoja tu, na habari yake ikastahili kuchapishwa katika jarida la kitabibu. Leo wagonjwa wa aina hiyo ni wengi, na kila anayeambiwa kolesteroli yake imepanda hushauriwa arudie maisha ya asili: apunguze mafuta, ale mboga, atembee. Ushauri ni sahihi. Kinachonitatiza ni historia inayojificha nyuma yake, kwa sababu watu wa zama za Trowell hawakuwa na kolesteroli ndogo kwa kuwa walijinyima. Ilikuwa ndogo kwa sababu ya namna walivyopata chakula, walivyokipika na walivyokwenda shambani, na hayo hayakuwa maamuzi ya mtu mmoja mmoja.

Mtu atasema: wazee hao walikufa mapema kwa malaria na kuhara, moyo ungepata wapi nafasi ya kuugua? Pingamizi hilo lina uzito, na watafiti wa wakati ule walilifikiria. Kundi moja lilikusanya matokeo ya uchunguzi wa maiti 632 kutoka Uganda na kuyalinganisha na 632 kutoka St. Louis, Marekani, huku umri na jinsia vikiwa vimelinganishwa. Taarifa yao ilitoka mwaka 1960. Huko St. Louis walikuta dalili za shambulio la moyo katika maiti 136. Uganda walikuta moja. Kwa kuwa umri ulikuwa sawa pande zote mbili, kufa mapema hakuwezi kueleza tofauti kubwa kiasi hicho.

Mwaka mmoja kabla ya hapo watafiti A. G. Shaper na K. W. Jones walikuwa wamepima kolesteroli ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Ya Waasia ilikuwa juu zaidi, na ugonjwa wa moyo ulikuwa tayari unawaua. Makundi hayo mawili yaliishi chini ya jua moja, lakini majiko yao yalitofautiana. Upande mmoja kulikuwa na samli na mafuta ya kukaangia. Upande wa pili kulikuwa na ndizi, viazi vitamu, mihogo, maharage, karanga na mboga za majani. Inafaa kutazama matoke yanavyopikwa Buganda kwa desturi: ndizi mbichi humenywa, hufungwa ndani ya majani ya mgomba, huwekwa chunguni juu ya maji kidogo na kuiva kwa mvuke kwa muda mrefu, kisha hupondwa zikiwa bado ndani ya majani na kuliwa kwa mchuzi wa karanga. Katika mapishi hayo yote hakuna hatua inayodai kikaango. Trowell na mwenzake wa Mulago, Denis Burkitt, baadaye walizijengea umaarufu ulimwenguni nyuzinyuzi za mimea zinazopatikana katika vyakula vya namna hiyo. Nadhani walikuwa sahihi kwa sehemu, ila walivutwa mno na kitu kimoja. Nyuzinyuzi zilikuwa nyingi, ni kweli, lakini mafuta nayo yalikuwa machache na jembe lilikuwa zito.

Hoja ingekuwa nyepesi kama si Wamaasai. George Mann, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja Tanganyika na timu yake na mwaka 1964 akachapisha matokeo ya uchunguzi wa Wamaasai, wakiwemo wanaume 400. Chakula chao kilikuwa maziwa, mengi yakiwa yamegandishwa katika vibuyu, pamoja na nyama, na damu mara mojamoja. Mafuta ya wanyama yalibeba sehemu kubwa ya nguvu yote waliyopata. Hata hivyo kolesteroli yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo haukuonekana. Mann aliitumia habari hiyo kama rungu dhidi ya wote waliosema mafuta ndiyo chanzo cha matatizo, na mpaka leo wapenzi wa nyama hulishika rungu hilohilo.

Wengi wao hawasimulii sehemu ya pili. Mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Mafuta yalikuwa yamejijenga ndani ya kuta za mishipa yao kwa kiwango kinachokaribia kile cha wazee wa Marekani. Kilichowaokoa, kwa maelezo yake, ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, hivyo damu ikaendelea kupita. Alihusisha upana huo na ukakamavu wa mwili. Kundi lingine la Wamarekani lilikuwa limedai mwaka 1971 kwamba mwili wa Mmaasai una uwezo mkubwa wa kupunguza kolesteroli unayoitengeneza wenyewe pale inayotoka kwenye chakula inapozidi, na sioni sababu ya kulipuuza dai hilo. Huenda urithi una sehemu yake. Kuna pia magome na mizizi, mathalani ya mti wa olkiloriti, ambayo Wamaasai huchemsha pamoja na supu, na wako wataalamu wanaoamini kwamba viambata vyake husaidia kuzuia kolesteroli isifyonzwe. (Anayechukua gome hilo, akalitia kwenye chupa na kuliuza stendi kama dawa ya moyo, amechukua kipande kidogo kabisa cha maisha ya mfugaji.)

Kipande kikubwa kilipimwa baadaye. Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walichapisha ulinganisho wa Wamaasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini nchini Tanzania. Juu ya nguvu ambayo mwili huhitaji ukiwa umepumzika, Wamaasai walitumia wastani wa kalori 2,565 kwa siku, wanavijiji 1,500 na watu wa mjini 891. Wamaasai wengi bado walikula mafuta mengi, lakini hali ya mafuta katika damu yao ilikuwa nzuri. Sasa mtu wa Dar es Salaam anayesema Wamaasai wanakula nyama na hawadhuriki anapaswa kwanza kukubali kuchunga ng'ombe kutwa nzima, kila siku, kwa miguu. Nusu saa ya kutembea kabla ya kupanda daladala inafaa, nami siidharau, lakini haimpeleki huko.

Hadi hapa mpinzani anaweza kuniambia kwamba nasifia maisha yaliyokwisha: jembe linaachwa, ng'ombe wanapungua, miji inajaa, basi tumeze vidonge na tuendelee. Jibu langu liko Morisi. Kisiwa hicho cha Bahari ya Hindi, wakati huo kikiwa na watu takriban milioni moja, hakikuwa na wafugaji wanaotembea kutwa wala mvuke wa matoke. Kilikuwa na sukari, viwanda, na mafuta ya bei nafuu ya mgao, ambayo sehemu kubwa yake yalikuwa mawese. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, ile inayolifanya ini liache kolesteroli nyingi izunguke kwenye damu. Katika soya ni takriban asilimia 15 tu. Serikali ilipoanzisha kampeni dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mahubiri ya kawaida ya mazoezi na lishe ilibadilisha kilichomo ndani ya mafuta hayo ya mgao, yakawa soya tupu. Kati ya 1987 na 1992 wastani wa kolesteroli ulishuka kwa milimoli 0.79 kwa lita kwa wanaume na 0.82 kwa wanawake. Mama aliyekaanga samaki wake Port Louis hakulazimika kubadilisha kikaango, wala pishi, wala duka.

Katika mwaka huohuo wa 1987 Marekani iliidhinisha lovastatini, dawa ya kwanza ya jamii yake ya kushusha kolesteroli, na tangu hapo dawa za jamii hiyo zimeokoa watu wengi. Sizipingi. Yupo mtu ambaye ini lake, kwa kurithi, halina uwezo wa kuondoa kolesteroli kwenye damu ipasavyo. Huyo akila majani mwaka mzima bado atabaki hatarini. Yupo pia aliyekwishapata shambulio la moyo au kiharusi. Hao wanahitaji dawa, na anayewashauri waziache wanywe kitunguu saumu na limau anacheza na roho zao. Lakini urithi hauwezi kueleza jinsi nchi nzima inavyobadilika katika muda wa kizazi kimoja au viwili. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kolesteroli iliyozidi. Vinasaba vya Watanzania havikugeuka tangu siku za Mulago. Morisi yenyewe pia inatuzuia kushangilia mno: katika miaka hiyohiyo mitano ambayo kolesteroli ilishuka, unene uliongezeka. Mafuta yalibadilishwa na serikali. Miguu ilibaki shauri la kila mtu, na wengi walishindwa kwa sababu zilezile zinazomshinda mkazi wa vitongoji vya miji mikubwa kama Mbagala au Kayole, ambaye kazi yake ni kukaa na njia yake haina pa kukanyaga.

Ndiyo maana sikubali kwamba kushusha kolesteroli bila dawa ni jambo la nidhamu ya mtu binafsi peke yake. Muuza chipsi hununua mafuta ya bei anayoimudu, na bei hiyo huamuliwa na ushuru wa bandarini, mavuno ya Singida na mashamba ya michikichi ya Malaysia na Indonesia. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na mawese yamo kwa wingi. Alizeti inayokamuliwa Singida na Dodoma ina mafuta machache sana ya aina inayoganda, machache hata kuliko soya ya Morisi, lakini mara nyingi humfikia mlaji kwa bei ya juu kuliko mawese ya kuagizwa. Serikali kwa nyakati tofauti imepandisha ushuru wa mafuta ya nje ili kumlinda mkulima wa alizeti, na tangu 2018 imekuwa ikihimiza pia kilimo cha michikichi Kigoma, ili nchi ijitosheleze na kuokoa fedha za kigeni. Hesabu zote mbili zimepigwa kwa shilingi na dola. Ile ya tatu, ambayo Morisi iliipiga kwa damu ya wananchi wake kabla na baada, inahitaji vipimo vya maabara, sampuli ya watu, na wizara ya afya iliyokaa meza moja na wizara ya kilimo na ile ya fedha siku ushuru unapopangwa.