Aliongoza mgomo, halafu akawafukuza wagomaji

Haya wadau, nilipotea kidogo, test zilinibana si mchezo. Jana usiku hosteli ubishi ulikuwa mkali. Yule MC wetu anagombea serikali ya wanafunzi, na room mate wangu anasema msanii kazi yake ni kuchekesha, uongozi hauwezi. Mie nikamtajia Ronald Reagan.

Mzee huyu alizaliwa 1911 Tampico, mji mdogo wa Illinois, Marekani. Alianza kutangaza michezo redioni. Mechi nyingine za besiboli hakuwepo hata uwanjani: analetewa taarifa fupi za telegramu, yeye anaupamba mchezo kana kwamba anauona! Mwaka 1937 akaingia Hollywood kuigiza filamu.

Sasa hapa ndipo room mate alinyamaza. Reagan alikuwa rais wa chama cha waigizaji, na mwaka 1960 aliongoza mgomo uliowapatia wenzake pensheni na bima ya afya. Kwa hiyo uongozi hakuuokota jukwaani, aliusomea kwenye chama. Akawa gavana wa California 1967 hadi 1975, halafu rais wa nchi 1981 hadi 1989.

Lakini ubishi ulinigeukia. Agosti 1981 waongoza ndege karibu 13,000 waligoma. Chama chao kilimuunga mkono kwenye uchaguzi wa 1980, wakajua ni mtu wao. Wapi! Aliwapa saa 48 warudi kazini, kisha akafukuza zaidi ya 11,000. Sheria ilikuwa upande wake, maana wafanyakazi wa serikali kuu hawakuruhusiwa kugoma. Ila waliofukuzwa walikuwa na familia, na vyama vya wafanyakazi kule vilitikisika kwelikweli.

Mengine ni mchanganyiko. Mwaka 1986 alipinga sheria ya kuiwekea vikwazo Afrika Kusini ya makaburu, Bunge likamshinda. Mwaka 1987 akasaini na Gorbachev mkataba wa kuteketeza makombora ya nyuklia ya masafa ya kati. Alifariki Juni 2004, baada ya miaka kumi ya Alzheimer's.

Kwa hiyo room mate kakosea, na mie pia nimekosea kidogo. Msanii anaweza kuongoza, tena vizuri tu. Ila kuwa mwenzetu jana hakutoshi. MC akija kuomba kura nitamuuliza kitu kimoja: bumu likichelewa na sisi tukagoma, utakuwa upande gani wa meza?

Nyie mngemuuliza nini? Tuonane kantini.